Nilimnolea Mume Wangu Wembe kwa Noleo la Bucha

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, tena naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana kunigombeza utanigombeza tu, kila Jumamosi nakusoma nikiwa nyuma ya mzani wangu na nacheka wenzangu wanavyoshushuliwa, na leo zamu imenifikia mimi.

Mimi ni mwanamke mwenye bucha. Si bucha ya mume wala ya baba, ni yangu, nyama nakata mwenyewe, mifupa napasua mwenyewe, visu nanoa mwenyewe, na wauza nyama wa mtaa mzima wakitaka kisu kiwe kisu wananiletea mimi. Nakwambia haya si kwa majivuno, Shangazi, au basi niseme ni kwa majivuno kidogo, lakini utaona yanahusika wapi.

Mume wangu ni mtu wa zimamoto. Tena yeye ndiye mtu wa mbele, yaani gari likifika kwenye moto, wenzake bado wanakunjua mpira wa maji, yeye ameshavaa barakoa ya kupumulia na mtungi wa hewa mgongoni na ameshaingia ndani. Ameshatoa watu humo, alishamtoa bibi kizee mmoja aliyegoma kuondoka bila kuku wake, akawatoa wote wawili, na kazi hiyo anaipenda kuliko chakula. Tatizo ni ndevu. Akinyoa kwa nyembe hizi za kutupa, zenye makali mawili matatu yaliyopangana, shingo nzima inaota vipele, vinavimba, vinatunga usaha, hata kola ya shati haigusiki, kwa hiyo miaka yote amefuga ndevu na pale kituoni wanamwita Ndevu. Mkuu wa zamani alikuwa anafumba macho. Sasa amekuja mkuu mpya na kipimo chake: kila mtu avae barakoa, aingie kwenye chumba cha moshi, na barakoa yake ikivuja hapandi tena gari, anapelekwa ofisini kupokea simu. Na ndevu haziivani na barakoa, Shangazi, mpira haushiki ngozi, moshi unapenya. Mkuu hana ubaya, anasema kweli, hata mume wangu amekubali, kumbe kile kikohozi chake tulichokuwa tunakiita mafua kilikuwa ni moshi anaoumeza kila akiingia motoni.

Basi mteja wangu mmoja akaniambia watu wa vipele hivyo wengi hupata nafuu wakitumia wembe wa kizamani, ule wa kukunja, chuma kimoja na mpini wake. Nikasema moyoni, ahaa, makali! Makali ndiyo kazi yangu! Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa inakaribia, nikaenda duka la vifaa vya wanaume, muuzaji akanifungulia visanduku viwili mezani, kimoja kina wembe mwembamba wa ncha ya duara, mwepesi mpaka nikamwambia huu ni wa kuchezea watoto, na kingine kina wembe mpana, mzito, ncha imechongoka kama ya kisu cha kuchunia. Muuzaji akaniuliza, "Mama, huyu mzee ndiyo kwanza anaanza?" Nikamwambia, "Nifungie huo mzito, kaka, uzito ndio unaokata." Bucha ndivyo inavyofundisha, Shangazi, kisu chepesi kinakuchosha mkono bure.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na brashi, bakuli, sabuni, na mkanda mpana wa ngozi wenye pete upande mmoja. Ule mkanda sikuuelewa, nikadhani wa kubebea kisanduku, nikautoa, sasa hivi uko bucha umeshikilia mzani wa akiba. Wembe nikaujaribu kwenye ukucha, nikaona unateleza tu, hauna lolote, nikachukua noleo langu la chuma nililoanzia kazi, chwa, chwa, chwa, halafu nikaupitisha kwenye mguu wa mbuzi wenye manyoya yake. Shangazi, mguu ulibaki kipara! Nikapiga kigelegele peke yangu mle ndani mpaka mteja akaniuliza nimeshinda nini.

Siku ikafika. Tuko sebuleni, mimi, yeye, na wifi yangu tunayeishi naye, nikamkabidhi. Akafurahi, akanikumbatia. Nikamwambia jaribu sasa hivi tuone. Akasema vipele vya juzi, alipojaribu kunyoa kwa zile za kutupa kwa ajili ya kipimo, bado havijapoa. Nikamwambia mwanaume mzima unaingia motoni, leo unaogopa povu? Akakaa mbele ya kioo, akajipaka sabuni, akavuta mara ya kwanza, na mimi niliposikia ule mlio tu nikajua, haukuwa mlio wa kunyoa, ulikuwa wa mtu anayeparua magamba ya samaki. Mara ya pili, damu. Mara ya tatu ile ncha ikazama kidevuni, damu ikatiririka mpaka kwenye fulana, na wifi akainuka akapiga ukelele, "Kaka yangu si mbuzi!" Akaongeza kwamba siku zote alijua, mwanamke akimpa mume makali, makali yanakata mapenzi.

Tangu hapo wembe uko juu ya kabati. Mume wangu hanigombezi, afadhali angenigombeza. Ananiambia kwa upole, "Mke wangu, tuache. Nitapokea simu. Kwani simu nazo si kazi?" Na jana nimemkuta amekaa mlangoni, gari la zimamoto likapita barabarani linalia, naye hata kichwa hakugeuza. Huyo si mume wangu ninayemjua. Kipimo ni mwisho wa mwezi ujao. Je, nimnunulie mwingine, au nimwache? Nina mkono mbaya? Ni kweli makali yanakata mapenzi? Nisaidie Shangazi, mimi nimezoea kushinda, hili limenishinda.

Mama Bucha

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Bucha, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa kaa vizuri.

Wembe uliopita kwenye mguu wa mbuzi, ukampa mumeo ajipitishie kwenye vipele vibichi! Wewe mama, wewe! Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nikakiweka chini. Kabla ya lolote lingine, mpeleke zahanati kesho asubuhi, waangalie hicho kidonda na hivyo vipele. Usiniambie kimekauka. Mpeleke.

Haya, nimemaliza hilo. Sasa nikupe haki yako, maana wazo lako lilikuwa zuri na mteja wako hakukudanganya. Nyembe za kupangana huuvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, na ukianza kuota tena unajikunja humo humo ndani, ndiyo hivyo vipele. Wembe wa makali mamoja huukata usawa wa ngozi na kuuacha upumue. Kwa hiyo zawadi uliyoichagua ni ya akili. Uliyemchagulia ndiye hukumtazama vizuri, na ulikuwa humtazami kwa sababu ulikuwa unajitazama wewe na noleo lako.

Na wifi yako mwambie Shangazi amesema hivi: makali hayakati mapenzi. Kumsukuma mtu mbele ya watu ndiko kunakokata. Mumeo alikwambia vipele havijapoa. Alisema wazi, kwa mdomo wake. Ukamjibu kwa kumchokoza uanaume wake, na yeye, kwa kutotaka kukuvunja moyo siku ya zawadi, akakubali kujichinja. Hapo ndipo pa kuomba radhi, mwanangu, tena umuombe mbele ya huyo huyo wifi, maana kosa lilifanyika mbele yake.

Tuje kwenye ujuzi wako. Kunoa unajua, sikatai. Lakini noleo la chuma huacha meno madogo madogo kwenye makali, na hayo meno ndiyo yanayouma nyama ikakatika. Uso wa mtu hautaki meno. Wembe hunolewa kwa jiwe laini sana, tena kwa nadra, na mtu anayeujua. Kila siku kabla ya kunyoa hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi. Ndiyo, mama, huo huo uliotundikia mzani! Kautoe. Na mkandani ni mgongo wa wembe unaotangulia, makali yanafuata nyuma. Ukisukuma makali mbele ulivyozoea na visu, utaukata mkanda wenyewe vipande. Bucha imekufundisha kinyume chake, basi kubali kuwa mwanafunzi tena, kuuliza si ujinga.

Ule wembe mzito uweke, iko siku atauweza. Rudi dukani ukachukue ule uliousema wa kuchezea watoto, huo ndio wa anayeanza. Ncha ya duara haitoboi kidevu, na wepesi wake unamfanya mtu ausikie mkononi unafanya nini. Muulize muuzaji kama umeshanolewa kiwango cha kunyolea kabisa, kwa sababu nyembe nyingi hutoka kiwandani zinang'aa tu, na ndiyo maana ule wako uliteleza kwenye ukucha. Akibabaika kujibu, toka nje. Brashi uliyonayo inatosha. Sabuni isiwe ya marashi makali. Ongeza jiwe la shabu la kuzuia damu ndogondogo. Upo pia ule wa vinyozi, unaotiwa kiwembe kipya kila mara, hauna kunoa wala mkanda, na ungekuwa mtu mvivu ningekwambia uchukue huo. Lakini wewe na mumeo ni watu wa kutunza vyombo vya kazi, naona kwenye barua.

Kilichokosekana kwenye kisanduku chako ni mwalimu. Mtafute kinyozi anayenyoa kwa wembe wa kukunja, mumeo akakae kwenye kiti chake, anyolewe, aone, aulize, ashikwe mkono. Halafu nyumbani, kabla shingo haijaguswa, nunueni maputo. Puto lijazwe hewa, lipakwe povu, linyolewe. Likipasuka, bado. Shingo yenyewe ipumzike kwanza mpaka zahanati waseme imepoa. Siku ya kuanza, maji ya moto, povu zito, wembe ulale kidogo, uende kule unywele unakoelekea, ngozi asiivute na asirudierudie palepale. Asitafute ulaini wa shavu la mtoto mchanga, barakoa haijauomba.

Nanyi wengine mnaosoma na kucheka, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mkinunua zawadi yenye makali, mjiulize kwanza mnamnunulia nani.

Mama Bucha, mtu aliyetoa bibi na kuku wake motoni haendi kupokea simu kwa sababu ya vipele. Sitaki kusikia. Funga bucha mapema leo, duka bado liko wazi. Nenda.

BAADA YA KIPIMO

Majibu hayo yalitoka hapa mwezi uliopita. Wiki hii Mama Bucha ameandika tena, nami namwachia nafasi aseme mwenyewe.

Shangazi, shikamoo, na safari hii soma kwa sauti, wote nyumbani kwako wasikie!

Nilianza na radhi, mbele ya wifi kama ulivyoniambia, na lilikuwa gumu kuliko kupasua paja la ng'ombe. Mume wangu akacheka, akasema, "Mimi niliona mapema makali hayaendi, lakini nani amwambie mke wangu kwamba makali yake hayakati?" Kumbe tulikuwa tunaogopana ndani ya nyumba moja. Tukaenda zahanati, tukapewa dawa ya kupaka. Nikarudi dukani, yule muuzaji akanitazama, nikamwambia, "Usiseme kitu, kaka. Funga tu huo mwepesi."

Kinyozi tulimpata. Kabla ya yote nikampa ule mzito auangalie, akaunyanyua kwenye mwanga, akauliza, "Nani ameunoa huu?" Mimi nikatazama dari. Mume wangu, Mungu ambariki, akasema, "Tuliununua hivyo hivyo."

Sasa maputo! Nyumba ilikuwa vitani, Shangazi. Pa! Pa! Povu ukutani, povu kwenye pazia, jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Nilijaribu na mimi, yangu yakapasuka mengi kuliko yake, huu mkono wangu unasukuma tu. Lakini jioni moja yeye ameinama, amekunja uso, ulimi nje kama mtoto wa shule, na wembe unateleza bila mlio wowote, sss, sss, mpaka povu likaisha, akapangusa kwa kitambaa, na puto liko zima, linang'aa! Akaliinua juu akazunguka nalo sebuleni kama mtu aliyebeba kombe. Na unajua nani alilichukua akalifunga juu ya mlango lisiguswe? Wifi. Wifi huyo huyo! Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa ananunua maputo, tena anamgombeza kaka yake akikosa siku ya mazoezi.

Shingo ikapoa. Akaanza kunyoa polepole, shavu kwanza, shingo baadaye, na asubuhi nikawa naamka na ule mlio wa wembe kwenye mkanda, laini kabisa, mgongo mbele. Kikabaki kipele kimoja kibishi nyuma ya sikio, ambako barakoa haifiki, tukakisamehe.

Siku ya kipimo nilifunga bucha mchana kweupe, wateja wakadhani kuna msiba. Mimi na wifi tukasimama nje ya uzio wa kituo. Wakawa wanaingia chumba cha moshi mmoja mmoja, na mmoja wao mwenye ndevu kidogo tu akatoka anakohoa, macho mekundu, mkuu akatikisa kichwa. Wifi akanishika mkono kwa nguvu. Ndipo akaingia mume wangu, mlango ukafungwa. Nilimkodolea macho mkuu na kile kidude chake cha kupimia chenye mshale, sijui mshale unasemaje, nasoma uso wake tu, na uso wake, Shangazi, ulikuwa kama ukuta. Nikasema hapa sijui niombe au nilie.

Mlango ukafunguliwa, moshi ukatoka, na mume wangu akatoka nyuma ya moshi anatembea. Hakimbii. Hakohoi. Akavua barakoa, akavuta pumzi, macho makavu. Mkuu akasema kwa sauti, "Haivuji!"

Weee! Kigelegele nilichopiga, sijapiga hata siku ya harusi yangu. Wifi anaruka, "Kaka yangu huyo! Kaka yangu huyo!" Na mimi nautazama uso wa mume wangu juani, mtupu, mweusi, safi, ana kishimo kidevuni ambacho miaka yote ya ndoa sikujua kama anacho.

Nilikuwa natafuta mlango wa uzio nikamkumbatie, kengele ya kituo ikalia. Moto wa kweli. Watu wakakimbia kila upande, mkuu akaanza kuita wa kupanda gari, huyu, yule, na alipofika kwa mtu wa mbele akageuka, akamnyooshea kidole mume wangu. "Wewe. Panda!" Akapanda, Shangazi. Akapanda kwenye nafasi yake. Gari likatoka getini linalia, naye dirishani, barakoa mapajani, akanipungia mkono, na mimi na wifi tukalikimbilia tukipiga kelele mpaka likakata kona.

Ilikuwa duka la magodoro. Watu wote walitoka salama. Alirudi jioni amejaa masizi, nywele, masikio, shingo, mikono, mweusi kama chungu, ila uso wake. Pale barakoa iliposhika palikuwa na duara safi, halina doa hata moja. Nikasimama nalitazama hilo duara nikalia, na yeye akaniuliza kama tumebakiwa na maji ya moto.

Mama Bucha

SHANGAZI

Hongera, Mama Bucha. Nimesoma kwa sauti na nyumba nzima imepiga makofi. Sasa msijisahau kwa furaha: kila akimaliza kunyoa, wembe upanguswe ukauke kabisa, upakwe tone la mafuta, ukae pakavu, maana kutu haimjui shujaa. Huyo mwenzake aliyetoka anakohoa, aende na mumeo kwa kinyozi, na maputo wifi yako amnunulie. Na wewe fungua bucha, watu wanataka nyama.